Bastola Haishikiki

Jumatatu, 4 Machi

Naandika kwa sababu nimeamriwa. Mimi Wahome, mwenye bucha pale soko la Burma, Nairobi, mtu aliyekula nyama Juba, Kampala, na Dubai mara moja (Dubai hawajui chumvi), nimeambiwa na mwanamke niandike kila siku kama mtoto wa shule. Mwanamke mwenyewe ni Afande Khavere. Alikuwa polisi, akastaafu, sasa anatufunza shabaha sisi raia wenye leseni kule kwenye machimbo ya mawe ya zamani, barabara ya Kangundo. "Kila mtu aandike jinsi bastola inavyomkaa mkononi," alisema. "Leo vipi, kesho vipi, mpaka mtihani."

Mtihani ni Mei, mvua zikielekea kuisha. Nikipita, leseni yangu inaendelea. Nikianguka, bastola inarudi serikalini na mimi nabaki mtu wa maini na matumbo.

Shule niliiacha darasa la saba, lakini kuandika naweza, na uongo sina. Kwa hivyo niandike wazi: shida yangu ni kishikio. Jumamosi nilipiga risasi tatu na kila mara bastola ilizunguka mkononi kama sabuni. Kishikio chake ni plastiki yenye vidoti vidogo, kama upele wa joto kwa mgongo wa mtoto. Huo si mshiko. Mzungu aliyeitengeneza hajawahi kushika paja la ng'ombe lenye mafuta.

Jumanne, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Wateja wachache.

Alhamisi, 7 Machi

Jioni nikawasindikiza akina mama wa soko kama kawaida. Msomaji, kama yuko, ajue hii ndiyo kazi yangu ya pili na hailipwi. Miaka miwili iliyopita vijana watatu walimkaba Ambaro, anayeuza chai na sambusa mkabala na bucha yangu. Wakampiga kofi mpaka akapoteza jino. Mama wa watu, kofi. Wiki hiyo hiyo nikaanza kutafuta leseni. Tangu siku nilipoipata, sokoni tukifunga, akina mama wananingoja kwenye kona, na tunatoka pamoja mpaka steji ya matatu ya Jogoo Road, mimi nyuma, koti wazi kidogo. Hakuna aliyetugusa tena.

"Wahome, tembea haraka," Ambaro huniambia. "Wallahi, ukiwa nyuma hivyo utafikiri sisi ndio tunakulinda wewe."

Jumamosi, 9 Machi

Machimboni. Afande ana mchezo wake kabla ya risasi. Anaikagua bastola ni tupu, anakagua tena, anakupa. Unafunga macho, unaielekeza kwenye ukuta wa mawe. Yeye anakuzungumzisha mambo ya nyumbani, halafu ghafla: "Kidole kiko wapi?" Unatakiwa kujibu bila kuangalia: kiko ubavuni mwa bastola, au kimeingia kwenye kifyatuo.

"Mtu asiyejua kidole chake kiko wapi," husema, "hana ruhusa ya kubeba chuma hiki katikati ya watu. Hata akipiga shabaha kama malaika."

Zamu yangu nikajibu, "Ubavuni, afande. Kimelala kama askari wa geti." Watu wakacheka. Ilikuwa kweli.

Baadaye nikabishana na Kahin. Kahin ni rafiki yangu, anauza vitambaa kwa jumla Eastleigh, leseni tulipata mwaka mmoja. Yeye bastola yake ina vibao vya mbao pande mbili, laini, vimeng'arishwa, unaona uso wako. Anasema bastola ni kama suruali nzuri, haitakiwi kumkwaruza mwenyewe. Nikamwambia mtu anayeshika hariri siku nzima lazima apende vitu laini. Mimi nataka kitu chenye meno.

"Meno ya nini, wewe? Unataka kuishika au kuikuna?"

"Nataka ikae."

"Basi osha mafuta mikononi."

Nilikuwa nimeosha. Na sabuni ya unga.

Jumanne, 12 Machi

Kahin amefunga Ramadhani. Amekuja kukaa bucha kwa jeuri tu, akimwangalia Munyao akichoma mbavu. Munyao ndiye mchomaji wangu, Mkamba kutoka Mukuru kwa Reuben, hakuna mkono kama wake jikoni Nairobi hii. Mwenye kupinga aje.

Mteja amelalamika nyama ina chumvi nyingi. Mimi ndiye niliyeitia, kwa vidole, kama nilivyofanya miaka yote. Munyao akasema, "Bosi, leo umelipiza kisasi cha Dubai?"

Jumamosi, 16 Machi

Nimepiga vibaya. Ikazunguka tena. Afande akanishika kifundo cha mkono akasema nakaza sana. Nisipokaza inatoka, nikikaza natetemeka. Nimerudi na hasira mpaka nimesahau mkate ambao mke wangu Waithera aliniagiza.

Jumatatu, 18 Machi

Nimepata dawa. Visu vya bucha yangu vyote nimevifunga mpini kwa blada ya baiskeli, ule mpira wa ndani wa gurudumu, vipande vyembamba vilivyovutwa na kuzungushwa. Kila mchinjaji wa Burma anajua. Mkono uwe na damu, uwe na mafuta, kisu hakitoki. Basi nimekaa leo na blada na mkasi, nikaivika bastola shati. Ikawa nene, nyeusi, imara. Nimejipongeza kwa supu.

Ijumaa, 22 Machi

Vifungo vya shati siku hizi vinatengenezwa na watu wasiovaa mashati. Waithera amenifungia, akacheka, "Baba Shirleen, unataka nikulishe pia?" Nikamwambia kama ni supu, sawa.

Jumamosi, 30 Machi

Siku mbaya. Niandike haraka nilale.

Nilifika machimboni nimejaa maneno. Nikawaonyesha wote blada yangu. Kahin, midomo mikavu ya saumu, akasema, "Umeivalisha bastola gambuti." Tukacheka. Afande hakucheka wala hakunikataza. Akaikagua tupu, akanipa, nikafunga macho.

"Mama watoto hajambo?"

"Hajambo, afande, ananisumbua tu kuhusu mashati."

"Kidole kiko wapi?"

"Ubavuni."

Nilisikia matone ya mvua juu ya mabati.

"Fungua macho, Wahome."

Kilikuwa kwenye kifyatuo. Kimekunjwa. Kimekaa pale kama mtu aliyefika kwake.

Sikuwa nimekihisi kabisa.

Hakuna aliyecheka. Nikasema ni blada, imekuwa nene, imesukuma mkono mbele, kidole kimepoteza barabara. Maneno mengi. Afande akatoa kisu kidogo, akaikata blada yangu pale pale, akanirudishia bastola uchi. "Kishikio kikushike," akasema, "kisikufiche."

Njiani, pale Donholm, Kahin akasema: "Ni ile mpira tu, wewe. Usijali." Alivyoisema, nikajali.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Simu imeanguka. Kioo kimepasuka.

Alhamisi, 4 Aprili

Simu tena.

Jumamosi, 6 Aprili

Sikwenda machimboni. Nimekwenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua msasa, ule mkali wa chuma, na gundi. Nimekata vipande vinne, nimevibandika kwenye kishikio. Sasa ni kama ulimi wa paka. Ukipitisha shavuni unatoka na ndevu. Nilijaribu.

Jumanne, 9 Aprili

Waithera amenionyesha shati langu la kanisani. Ubavu wa kulia limetoboka pale msasa unaposugua. La kijani pia. Fulana pia.

"Hii kitu yako inakula nguo zangu."

"Ni nguo zangu."

"Ni nani anazishona?"

Akavuta fulana juu, akaona nyonga yangu imechubuka, nyekundu. "Na wewe inakula," akasema, taratibu zaidi. Nyonga ilikuwa inauma kweli. Hiyo nilihisi.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Kahin ametuletea nyumbani kwetu mtaa wa Tassia sinia la pilau na halua, akiwa na kanzu nyeupe kama mtu anayetaka kuibiwa. Tumekula mpaka tukalaumiana. Akauliza kuhusu bastola. Nikamwonyesha msasa. Akaigusa kwa kidole kimoja akakitoa kama ameunguzwa. "Subhanallah! Wahome, hii unaishika vipi?"

"Kama mwanaume."

Akanitazama mkono. Kiganja changu kilikuwa na damu. Nilikuwa nimeikamata bastola ile muda wa hadithi nzima ya jinsi nilivyowatoroka wanajeshi Juba (hadithi ndefu, mnaijua), na damu imetiririka mpaka kwenye mkono wa shati, nami naendelea tu kuongea.

"Haiumi?"

"Ngozi ya mchinjaji," nikasema.

Waithera alikuwa mlangoni na birika. Akaleta kitambaa.

Jumamosi, 13 Aprili

Msasa umesaidia. Bastola haikuzunguka. Shabaha nzuri, karatasi ninayo. Kwenye mchezo wa macho nilijibu sawa: ubavuni.

Niandike ukweli, kwa kuwa uongo sina. Sikufunga macho yote. Niliacha ufa.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua inanyesha kama imekosewa na mtu. Bucha imejaa watu wasionunua.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimesogeza wavu wa jiko ili Munyao aongeze makaa. Akapiga kelele, "Bosi! Wavu!" Nikatazama, vidole vyangu viko juu ya chuma kinachokaanga mafuta. Harufu niliisikia kabla ya kitu kingine, na nikafikiri ni mbavu. Nimemfokea Munyao kwa kupiga kelele mbele ya wateja. Sijui kwa nini. Ameenda kukaa kwenye moshi upande wa pili, akageuza mbavu mpaka tukafunga.

Jumatano, 24 Aprili

Leo nitaandika mengi.

Asubuhi Munyao hakuja. Akapiga simu: mto umepanda Reuben, maji yako nyumbani, ana mama yake ndani. Mama alikuja kutoka Kitui mwezi jana kutibiwa macho. Nikafunga bucha. Mtu anaweza kuniita mjinga, mwenye kelele, sawa, lakini mtu wangu akiwa majini sitakaa nikipima matumbo. Bastola nikaifungia kwenye sefu, nikapanda bodaboda mpaka pale ilipokataa, kisha miguu.

Kichochoro chao kimekuwa mfereji. Maji ya kahawia, magodoro, kuku mmoja juu ya mtungi wa gesi anatazama kama diwani. Watu wamefunga kamba kutoka nguzo ya stima mpaka kwenye ngazi za nyumba ya mawe, na wanavukisha watoto na wazee. Mimi kwa mwili huu nikawekwa juu ya ngazi, mahali pa mwisho, niwavute wanaofika. Nikavuta watoto. Nikavuta jamaa na televisheni yake. Nikaanza kutoa mizaha, watu wakacheka, maana mtu akilia mvua haikomi.

Munyao akaja na mama yake mbele, amemshika kiuno. Mama mwembamba, leso kichwani, macho yamefungwa na dawa nyeupe. Akafika ngazini. Nikainama, nikamshika kifundo cha mkono kwa mkono wangu wa kulia, huu wa kazi, huu wa shabaha.

"Nimekushika, mama," nikamwambia. "Hapa umefika kwa Wahome. Nimekushika kabisa."

Na nilikuwa bado nasema hivyo, nimekushika, nimekushika, wakati alikuwa tayari anarudi nyuma majini. Mkono wangu ulikuwa umefunguka. Umefunguka kama mlango wenye kufuli mbovu, nami mwenye mlango sijui. Nilimwona akienda. Kwa macho ndipo nilijua sina mtu mkononi.

Munyao alimdaka kwa leso, kisha kwa nywele, akamsukuma juu kwa bega, na jamaa wa televisheni akamvuta. Alikunywa maji. Kiatu kimoja kikaenda. Alikuwa hai na alikuwa anatukana kwa Kikamba.

Tulipokaa juu ya paa Munyao akanisogelea. Si mtu wa maneno.

"Bosi, ulimwachilia."

"Aliteleza. Mkono wake ulikuwa na matope."

"Hakuteleza. Nilikuwa nyuma yake, niliona. Ulifungua mkono."

"Nifungue kwa nini, Munyao? Mimi nimfungulie mama yako?"

"Sijasema ulitaka," akasema. "Nimesema ulifungua."

Nimewaleta wote wawili Tassia. Mama amepewa kitanda cha Shirleen, binti yangu. Munyao yuko sebuleni.

Alhamisi, 25 Aprili

Mama yake Munyao ananiita Nimekushika. "Nimekushika, niletee chai." Nyumba nzima inacheka. Nacheka pia, nikiwa nao.

Jumamosi, 27 Aprili

Machimbo yamejaa maji. Hakuna shabaha. Nimefurahi, kisha nikashangaa kwamba nimefurahi.

Jumamosi, 4 Mei

Afande amesema kwenye simu kwamba sugu nene zinaweza kuniharibia mshiko, niziondoe. Waithera akasikia, akasema mkono wangu una magamba ya samaki na kwamba binti yangu ana kibanda cha kucha hapo chini ya nyumba, niende leo leo. Basi jioni mimi, Wahome wa Burma, mwenye bastola, nikakaa kwenye kiti cha rangi ya waridi katikati ya wanawake wawili walioloweka vidole.

Shirleen ana misasa yake pia. Akanipangia mezani: huu mkali wa visigino, huu wa kati, huu laini wa kumalizia. Nikamwambia angekuwa fundi wa bunduki tungekuwa matajiri. Akawasha kile kimashine kinachozunguka, akaanza kula sugu. Mimi nikawapa wale wanawake Juba, sehemu ya wanajeshi. Mmoja alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Halafu akaacha kucheka.

"Shirleen," akasema, "mkono wa mzee."

Mashine ilikuwa imepita sugu imeingia nyamani. Taulo la waridi lilikuwa jekundu. Shirleen alikuwa anaangalia kucha nyingine, ameamini ningepiga kelele. Mtu yeyote angepiga kelele.

"Dadi. Haiumi?"

"Endelea tu."

Akazima mashine. Akachukua taulo safi, akanifunika macho nalo, vile nilivyokuwa nikimfunika akiwa mdogo tukicheza. Nikasikia anavuta kile kijiti cha kusukumia kucha.

"Nimegusa kidole gani?"

"Cha shahada."

"Sasa?"

"Cha kati. Hapana, gumba."

"Sasa?"

"Kile cha mwisho, hicho kidogo. Shirleen, nina kazi."

Akaondoa taulo. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

"Dadi, bado sijakugusa hata mara moja."

Nikasimama. Nimesema maneno mabaya, kwamba kibanda chake kina vumbi, kwamba gundi ya kucha inaua mishipa, kwamba ananiaibisha mbele ya watu. Nimetoka pale na mkono mmoja umefungwa pamba na mwingine una kucha mbili zinazong'aa. Ngazini nimekutana na mama yake Munyao akishuka kwa kupapasa ukuta. Akanishika mkono wa kulia bila kuniona, akaupapasa wote, kiganja, vidole, akauachilia.

"Nimekushika," akasema, polepole. "Pole, mwanangu."

Jumatano, 8 Mei

Daktari ni kijana, anavaa saa kubwa. Akanichoma sindano huku na huku. Mshipa wa fahamu umebanwa hapa kwenye kifundo cha mkono, miaka ya kukata mifupa kwa shoka. Umebanwa zamani. Anaweza kupasua aufungue. Vidole vinaweza kurudi, vinaweza kurudi nusu, vinaweza kukataa.

"Uliona dalili lini?"

Nikamwambia nilifikiri ni kishikio.

"Kishikio cha nini?"

Nikamwambia cha kisu.

Miezi mizima nimegombana na plastiki. Nimeivalisha mpira, nimeivalisha msasa, nimemtukana Mzungu asiyenijua. Kahin na mbao zake, afande na mahubiri yake, Munyao na kelele zake, mtoto wangu mwenyewe. Wote nimewafokea. Na kitu kibovu ni mkono huu huu niliokuwa nikiwaelekezea wakati nikifoka.

Jumamosi, 11 Mei

Nimemwambia Waithera tu. Nikamwambia pia mpango: nitafanya mtihani kwa macho. Kidole nitakiangalia. Shabaha macho yangu bado ni mazuri kuliko ya vijana.

Alikuwa anashona lile shati la kijani. Hakuinua kichwa.

"Na jioni ukitoka sokoni na akina Ambaro? Utaangalia kidole au utaangalia njia?"

"Naweza vyote."

"Baba Shirleen." Akakata uzi kwa meno. "Ambaro anatembea mbele yako."

Nikaenda kuketi kwenye roshani, na mvua ikanilowesha magoti.

Jumatatu, 13 Mei

Kahin amepiga simu kwa furaha. Ameagiza kitu kutoka nje kwa ajili yangu. Hataki kusema. Mimi pia sikusema changu. Jioni nimewasindikiza akina mama na bastola ikiwa tupu kabisa, risasi nimeziacha kwenye sefu. Hakuna aliyejua. Ambaro alinipa sambusa ya mwisho, "kwa askari wetu." Nikaitia mfukoni.

Jumatano, 15 Mei

Nimemwomba Shirleen msamaha. Akasema, "Kaa basi nimalize kucha nane." Nikakaa.

Jumamosi, 18 Mei

Jua. La kwanza tangu sijui lini. Leo ndiyo siku ya mtihani, na machimbo yanatoa mvuke.

Kahin alikuwa amefika kabla yangu, amesimama pembeni ya gari kama bwana harusi. Akanipa kiboksi. Ndani kulikuwa na kishikio cha mpira mgumu, cheusi, kimechongwa kufuata vidole, kina mistari iliyokatana midogo midogo kama ngozi ya kenge. Si laini kama chake, si kikali kama msasa wangu. "Nilimweleza muuzaji," akasema. "Nikamwambia rafiki yangu ni mchinjaji, mikono ina mafuta, mashati yanatoboka, mke analalamika. Nimekusemea yote. Wallahi, mimi nachukia vitu vya kukwaruza, lakini hiki hata mimi nimekipenda."

Akamwita afande. Wakakifunga wote wawili na bisibisi yake, wamebishana kidogo nani akaze. Wenzetu wakakipokezana. Kila aliyeshika alitoa sauti, kama watu wanaoonja mchuzi. Afande mwenyewe alikishika, akaelekeza ukutani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hiki," akasema, "ndicho nilichokuwa nawaambia."

Kisha wakanipa mimi.

Nikakishika. Kahin alikuwa ananiangalia usoni, kinywa wazi kidogo, anangoja kama mtoto anayengoja ufungue zawadi yake.

"Enhe? Vipi?"

Ningewezaje kumwambia? Ilikuwa kama kushika picha ya bastola. Niliona vidole vyangu vimezunguka mistari ile yote, kila kimoja kwenye nafasi yake, na hakuna habari iliyonifikia. Kitu bora kuliko vyote nilivyowahi kukamata maishani, na mimi siko.

"Kizuri, Kahin," nikasema. "Hakuna kama hiki." Na hilo halikuwa uongo.

"Haya, Wahome," afande akaita. "Wewe wa kwanza."

Akaikagua ni tupu. Akakagua tena. Nikasimama mbele ya ukuta wa mawe. Nikafunga macho, na leo nimeyafunga kabisa, sikuacha ufa. Jua likawa jekundu ndani ya kope.

"Nasikia una wageni nyumbani," akasema.

"Ndiyo, afande. Munyao, na mama yake."

"Wanaendeleaje?"

"Mama amenipa jina. Wanaendelea."

Nilijua atauliza. Nilitafuta kidole changu kule gizani. Nilikitafuta kama unavyopapasa swichi ya taa katika nyumba ya watu. Ningeweza kubahatisha. Nusu kwa nusu, na mimi ni mtu wa bahati, Juba nzima inajua.

Nikamwona Ambaro mbele yangu na kikapu chake, akigeuka kuniambia nitembee haraka.

"Kidole kiko wapi?"

"Sijui, afande."

Nikafikiri hakunisikia.

"Sijui kilipo. Sijakihisi tangu Machi. Ni mkono, si kishikio. Ichukue."

Nikasikia mkono wake juu ya wangu, yaani nilisikia mkono wa shati lake ukigusa langu. Uzito ukaondoka begani. Nilipofungua macho bastola ilikuwa kwake, na yeye alikuwa amesimama wima kama anapokea gwaride.

"Kilikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Haina haja," akasema.

Kahin alikuwa ameketi juu ya jiwe, kiboksi kitupu magotini. Nikamwendea nimwambie pole kwa kishikio chake. Akanirushia kiboksi kifuani.

"Mjinga wewe. Tangu Machi? Tangu Machi unabishana na mimi kuhusu mbao!"

Jumatatu, 20 Mei

Kliniki wamenipa tarehe ya kupasuliwa, Juni. Munyao amepata chumba, juu zaidi, mbali na mto. Mama amekataa kuhama kabla Waithera hajamfundisha chapati.

Jioni nilifunga bucha mapema nipite nyuma ya soko, nisiwapite akina mama. Nilikuwa nimeshafika kwenye ukuta wa wauza mkaa.

"Wahome! Unakwenda wapi na koti limefungwa mpaka shingoni kama padri?" Ambaro. Wote walikuwa kwenye kona, na mizigo yao, wananingoja.

Nikawaambia pale pale. Kwamba sina bastola. Kwamba wiki nzima ile iliyopita ilikuwa tupu. Kwamba mkono umekufa na sasa mimi ni mtu wa matumbo tu, watafute kijana.

Wakatazamana. Ambaro akaiweka chini birika yake kubwa ya chai, ile ya bati yenye mpini uliopinda, akanyoosha mgongo.

"Umemaliza hotuba? Beba hii basi. Nimechoka."

Nikaibeba kwa mkono wa kulia, kwa ubishi tu. Tukaanza kutembea, na leo wameniweka katikati. Wao waliangalia njia. Mimi niliangalia vidole vyangu, vyote vitano, vikiwa vimeushika ule mpini, na sikuviondolea macho mpaka steji.